Dag Hammarskjöld: Ndege iliyozima redio kuikwepa Kolwezi, ikakaa saa 15 bila kuonekana

Dakika kumi baada ya saa sita usiku wa kuamkia Septemba 18, 1961, ndege yenye injini nne ilipita juu ya uwanja wa Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Rubani aliujulisha mnara kwamba anaziona taa za uwanja na anateremka. Baada ya hapo redio ilinyamaza.

Ndani ya ndege hiyo alikuwamo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, pamoja na watu wengine 15. Ilikuwa imeanguka msituni, umbali wa takriban kilomita 15 tu kutoka uwanjani. Hata hivyo, mamlaka zilitangaza kuyaona mabaki yake saa tisa na dakika kumi alasiri ya siku hiyo, zikiwa zimepita saa 15. Mtu mmoja alikuwa bado hai.

Zaidi ya miongo sita baadaye, mengi yameandikwa kuhusu nani au nini kiliiangusha ndege ile. Yaliyosemwa machache zaidi ni kuhusu saa hizo 15, na kuhusu mji wa Kolwezi, kwenye ukanda wa shaba wa Lualaba, ambao hofu yake ndiyo iliyoifanya ndege ya kiongozi mkubwa wa dunia kusafiri kimyakimya kama mtoro.

Mtoto wa waziri mkuu

Dag Hjalmar Agne Carl Hammarskjöld alizaliwa Julai 29, 1905 katika mji wa Jönköping, Uswidi, na kukulia Uppsala. Baba yake, Hjalmar, alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo kuanzia 1914 hadi 1917. Kijana huyo alisoma Chuo Kikuu cha Uppsala, kisha akapata shahada ya uzamivu ya uchumi mjini Stockholm.

Kabla ya kutimiza miaka 35 tayari alikuwa mtendaji wa juu katika Wizara ya Fedha, na kuanzia 1941 hadi 1948 aliongoza bodi ya Benki Kuu ya Uswidi. Hakuoa wala hakuwa na mtoto. Alipenda kupanda milima, kusoma mashairi na kuandika peke yake. Daftari lake la tafakuri lilikutwa nyumbani kwake New York baada ya kifo chake, likachapishwa 1963.

Aprili 1953 alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mataifa makubwa yalidhani yamepata karani mpole asiyemsumbua mtu, lakini haikuchukua muda kugundua kuwa yalikosea. Januari 1955 alisafiri hadi Beijing kuzungumzia wafungwa wa Kimarekani waliokuwa warusha ndege za kivita, na baadaye mwaka huo wakaachiwa. Mwaka 1956, wakati wa mgogoro wa Mfereji wa Suez, alisimamia kuundwa kwa kikosi cha kwanza chenye silaha cha kulinda amani cha umoja huo.

Mwishoni mwa 1959 na mwanzoni mwa 1960 alizunguka Afrika, akapita katika nchi na maeneo zaidi ya 20, mengi yakiwa bado chini ya wakoloni. Alirudi akiamini kwamba mataifa mapya ya bara hili ndiyo yatakayoupima Umoja wa Mataifa. Kipimo hicho kilikuja miezi michache baadaye, nchini Congo.

Katanga yajitenga

Congo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Siku 11 baadaye Moïse Tshombe alitangaza kwamba jimbo la Katanga limejitenga. Katanga ndiyo iliyobeba utajiri wa nchi. Shaba na kobalti ya Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ya Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na ya Kolwezi ilichimbwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, na kodi yake ikaingia kwenye hazina ya Tshombe badala ya Léopoldville. Kwa fedha hizo alijenga jeshi lililoongozwa na maofisa wa Kibelgiji na mamluki kutoka Ulaya na kusini mwa Afrika.

Agosti 12, 1960 Hammarskjöld aliongozana mwenyewe na askari wa Uswidi kuingia Elisabethville. Walipofika juu ya mji, mabishano na wakuu wa Katanga yalifanyika kwa redio, ndege zikiwa bado angani, ndipo ziliporuhusiwa kutua. Siku hiyo redio ilimsaidia.

Januari 17, 1961, Waziri Mkuu aliyeondolewa madarakani, Patrice Lumumba, aliuawa katika ardhi ya Katanga. Hammarskjöld alilaumiwa na wengi, hasa Umoja wa Kisovyeti na baadhi ya viongozi wa Afrika, kwa kutomlinda. Lawama hiyo haijafutika hadi leo. Mwezi uliofuata Baraza la Usalama liliruhusu matumizi ya nguvu, kama njia ya mwisho, kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kutaka mamluki waondolewe.

Ndege moja ya Kolwezi

Februari 1961 Katanga ilikuwa imepokea ndege tatu ndogo za kivita aina ya Fouga Magister, zilizotengenezwa Ufaransa. Hadi Septemba ilikuwa imebaki moja tu inayoruka, na kituo chake kilikuwa uwanja wa Kolwezi.

Umoja wa Mataifa ulipoanzisha operesheni mjini Elisabethville Septemba 13, ndege hiyo moja ilitawala anga ya jimbo zima. Ilirusha risasi na mabomu kwa askari wa umoja huo, wakiwamo wanajeshi wa Ireland waliozingirwa Jadotville, ambao walilazimika kujisalimisha Septemba 17. Umoja wa Mataifa haukuwa na hata ndege moja ya kivita nchini humo. Ethiopia ilikuwa tayari kutoa za kwake, lakini ruhusa ya kupita katika maeneo ya Afrika Mashariki yaliyokuwa chini ya Uingereza ilicheleweshwa.

Katika hali hiyo Hammarskjöld, aliyefika Léopoldville siku ileile mapigano yalipoanza, aliamua kukutana na Tshombe ana kwa ana ili kusimamisha vita. Mahali palipokubaliwa ni Ndola, ng'ambo ya mpaka. Kutoka Kolwezi hadi Ndola ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari wa moja kwa moja, na swali kama Fouga ingeweza kufika huko usiku na kurudi limebishaniwa tangu wakati huo. Marubani waliompeleka hawakuwa na anasa ya kubishana. Walipaswa kupanga safari kana kwamba inaweza.

Kusafiri bila kusikika

Ndege iliyochaguliwa ilikuwa DC-6B iliyoitwa Albertina, mali ya kampuni ya Uswidi ya Transair. Asubuhi ya Septemba 17 ilikuwa imetoka Elisabethville na tundu la risasi, ikafanyiwa matengenezo. Iliondoka Léopoldville saa kumi na dakika 51 jioni, ikiongozwa na Kapteni Per Hallonquist.

Tahadhari zilikuwa nyingi. Mpango wa safari ulioandikishwa ulitaja Luluabourg, Kananga ya leo, badala ya Ndola. Ndege nyingine, iliyombeba waziri wa Uingereza Lord Lansdowne, ilitangulia kupita njia ya moja kwa moja. Albertina ilizunguka mashariki hadi upande wa Ziwa Tanganyika, kisha ikageuka kusini, ili isikanyage anga ya Katanga. Na kwa saa kadhaa haikusema neno kwenye redio.

Sababu ya kunyamaza ni rahisi kuielewa kwa anayejua jinsi mawimbi ya redio yanavyofuatiliwa. Ukichukua antena ya umbo la kitanzi na kuizungusha, sauti unayoipokea hupanda na kushuka. Mahali inapofifia kabisa panakuonyesha mstari ambako mrushaji yupo. Mstari mmoja hautoshi, kwa kuwa unakupa upande tu bila umbali. Lakini kituo cha pili kilicho mahali pengine kikichora mstari wake, mistari hiyo miwili hukatana, na pale inapokatana ndipo alipo anayezungumza.

Njia hiyo inaokoa maisha. Tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, meli na ndege zilizopotea zimepatikana kwa kupiga kelele redioni huku vituo vya nchi kavu vikipima upande. Ndege yenyewe nayo hubeba dira ya redio, ambayo sindano yake huelekea kwenye mnara wa mawimbi uliopo uwanjani. Ndola ulikuwa na mnara kama huo.

Ila mawimbi hayamchagui msikilizaji. Anayetaka kukuokoa na anayetaka kukudhuru wote wanasikia sauti ileile na wanaweza kupima upande uleule. Ndiyo maana Albertina ilinyamaza hadi saa nne na dakika mbili usiku, ilipoita Salisbury, Harare ya leo. Baadaye iliwasiliana na Ndola, na ilipofika juu ya uwanja ikatoa taarifa yake ya mwisho.

Ukimya ule ulikuwa ngao ya msafiri aliye hai. Ndege ilipoanguka, ukawa laana. Ndege za abiria za zama hizo hazikuwa na kifaa cha kurusha mawimbi ya dharura chenyewe zinapogonga ardhi. Albertina iliwaka moto, na hapakuwa na mawimbi yoyote ya kuyafuata.

Saa 15

Hata hivyo, ukosefu wa mawimbi hauelezi kila kitu. Wakuu wa uwanja walijua kwamba ndege imepita juu yao, imeziona taa na imesema inateremka. Hawakuhitaji kupima mstari wowote. Mahali pa kuanzia kutafuta palikuwa juu ya vichwa vyao.

Kilichofanyika ni kinyume. Balozi wa Uingereza katika Shirikisho la Rhodesia, Lord Alport, aliyekuwapo uwanjani, alitoa maoni kwamba huenda Katibu Mkuu amebadili nia na kwenda kwingine. Wazo hilo likakubaliwa. Taa za uwanja zikazimwa, meneja akaenda kulala. Usiku huohuo polisi walileta taarifa ya mwako ulioonekana angani, wakajibiwa kwamba hakuna la kufanya hadi asubuhi. Kulipopambazuka zilipita saa kadhaa kabla ndege ya kwanza ya kutafuta haijaruka.

Walioifikia ndege kwanza ni wachoma mkaa wa Kiafrika waliofanya kazi msituni humo. Baadhi yao walisema waliona ndege ya pili angani na mwanga mkali. Waliogopa kwenda kwa mamlaka za kikoloni, na hofu yao haikuwa ya bure. Baadhi walifungwa kwa kuchukua mashine ya kuandikia ujumbe wa siri iliyotupwa na ajali, na ushahidi wa wengine ulipuuzwa na uchunguzi wa serikali ya Rhodesia.

Rubani wa jeshi la anga la Rhodesia alipoyaona mabaki alasiri, miili mingi ilikuwa imeungua. Hammarskjöld alilala nje ya moto, karibu na kichuguu. Madaktari walioyapitia majeraha yake waliona kwamba asingeishi muda mrefu hata kama angefikiwa mapema.

Kwa Harold Julien ilikuwa tofauti. Mlinzi huyo Mmarekani alikutwa akiwa hai, ameungua vibaya na kuvunjika, akiwa amelala kwenye jua muda wote huo. Hospitalini Ndola aliweza kuzungumza. Alieleza kuhusu mlipuko na cheche angani, lakini maneno yake yalichukuliwa kama ya mgonjwa anayeweweseka. Alifariki Septemba 23. Kama kuna maisha ambayo utafutaji wa haraka ungeweza kuyaokoa, ni yake.

Masikio mengine

Uchunguzi wa Rhodesia mwaka 1962 ulihitimisha kuwa rubani alikosea na kushuka chini mno. Ule wa Umoja wa Mataifa, mwaka huohuo, haukuweza kuthibitisha wala kuondoa uwezekano wa hujuma au shambulio. Hakuna ukanda wa sauti wa mazungumzo kati ya ndege na mnara wa Ndola. Kilichobaki ni kumbukumbu zilizoandikwa na watumishi wa mnara.

Lakini baadaye walijitokeza watu waliosema kwamba usiku ule walikuwa wakisikiliza kutoka mbali. Charles Southall, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa katika kituo cha kunasa mawasiliano kisiwani Cyprus, alieleza kusikia rekodi ya rubani akiishambulia ndege nyingine. Paul Abram, aliyekuwa kituo cha Wamarekani kisiwani Crete, alitoa simulizi inayofanana. Mswidi mmoja aliyefundisha urubani Ethiopia naye alisema alinasa kwenye redio yake ya masafa mafupi mazungumzo yaliyotaja Ndola na ndege iliyofuatwa na nyingine. Ushahidi mwingine ulitaja ndege za jeshi la Marekani zilizokuwa zimeegeshwa uwanjani Ndola zikiwa na redio zenye nguvu.

Mwaka 2011 mwanahistoria Susan Williams alichapisha kitabu kilichokusanya ushahidi mpya, na 2013 tume ya wanasheria ikashauri Umoja wa Mataifa uangalie upya suala hilo. Mwaka 2015 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Mtanzania, Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, kwanza akiongoza jopo la watu watatu, kisha kuanzia 2017 akiwa mchunguzi aliyeteuliwa na Katibu Mkuu.

Katika ripoti zake, Jaji Othman amesema bado inawezekana kuwa shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ajali ile. Alionyesha pia kuwa Katanga ilikuwa na ndege na viwanja zaidi ya ilivyodaiwa 1961, kwa hiyo hoja ya kwamba Fouga moja ya Kolwezi isingeweza kufika haitoshi kufunga jalada. Hakumtia mtu hatiani. Anachosisitiza ni kwamba baadhi ya nchi, zikiwamo Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, karibu hakika zina nyaraka muhimu ambazo hazijatolewa, hasa za mawasiliano ya redio yaliyonaswa.

Alichoacha

Hammarskjöld alizikwa Uppsala Septemba 29, 1961, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel akiwa tayari marehemu. Baada ya kifo chake Umoja wa Mataifa ulipata ndege za kivita kutoka Ethiopia, Uswidi na India. Desemba 1961 ndege za India ziliushambulia uwanja wa Kolwezi. Mji huo ulibaki ngome ya mwisho ya Tshombe, aliyetishia hata kulipua mitambo ya Union Minière na mabwawa ya umeme, hadi askari wa Umoja wa Mataifa walipoingia bila kupingwa Januari 21, 1963. Katanga ikarudi Congo. Leo Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, na dunia inaitazama kwa sababu ya kobalti ya betri za magari na simu.

Katika usafiri wa anga, ndege za abiria sasa hubeba kifaa cha dharura kinachojiwasha kinapogonga. Mawimbi yake ya megahezi 406 hupokewa na mtandao wa setilaiti ulioanzishwa na Marekani, Canada, Ufaransa na Umoja wa Kisovyeti, uliosaidia uokoaji wake wa kwanza mwaka 1982. Mawimbi mengine, ya megahezi 121.5, huwaongoza waokoaji wenye vifaa vya kupima upande hadi kwenye mabaki yenyewe. Ndege ikianguka leo kilomita 15 kutoka uwanjani, kifaa hicho kikafanya kazi, taarifa inaweza kufika kwa waokoaji ndani ya dakika.

Bado kifaa hakitoki kwenda msituni chenyewe. Usiku ule wa Ndola kulikuwa na mnara, redio, polisi walioleta taarifa na wanakijiji walioona moto. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kusema kwamba ndege imeonekana hapa, basi tuanze kutafuta hapa.

Ndiyo maana kazi ya Jaji Othman inafanana na ya mtu mwenye antena ya kitanzi. Ushahidi wa Ndola umempa mstari mmoja. Mstari wa pili umo kwenye kumbukumbu za waliokuwa wakisikiliza usiku ule, na hadi watakapozifungua, mahali mistari hiyo inapokatana hapatajulikana.